Nyumba Ikishanyamaza: Jinsi ya Kuitafuta Imani Yako Watoto Wakiondoka

Kitindamimba wangu alipoondoka, kilichonishtua zaidi ni Jumapili ya kwanza. Niliamka mapema kama kawaida, nikavaa, nikakaa ukingoni mwa kitanda, ndipo nikagundua sina wa kumharakisha. Kwa miaka zaidi ya ishirini Jumapili yangu ilikuwa kupiga pasi, kusaka soksi ya pili, kuamua nani akae karibu na nani, na kumkata jicho anayecheka katikati ya mahubiri. Sasa nakwenda kanisani peke yangu, kwa ajili yangu. Na sikujua ninaendea nini.

Ikiwa nawe umefika hapo, hatua hizi ni zako. Zimetokana na makosa yangu zaidi kuliko hekima yangu. Kosa kubwa lilikuwa kuanzia mwisho: nilikimbilia kutafuta cha kufanya kabla sijajua nimebaki na nini moyoni. Kwa hiyo nakusihi, usiruke hatua.

Hatua ya 1: Lia kwanza, na ulilie mbele za Mungu

Watu watakuambia ushukuru. Watoto wamekua, wana afya, wamejitegemea, unalilia nini? Wana haki kiasi, lakini shukrani haifuti huzuni. Mtu anaweza kushukuru huku anafuta machozi, na Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo.

Chukua Zaburi ya 13. Ni fupi, aya sita tu, na imejengwa kwa namna ambayo unaweza kuiiga. Aya mbili za kwanza ni malalamiko matupu: “hata lini” inarudiwa mara nne. Mbili zinazofuata ni ombi. Mbili za mwisho ni tumaini. Chukua karatasi uandike ya kwako kwa mpangilio huohuo. Kwanza lalamika, bila kulipamba lalamiko. Kama kinachokuuma ni kitanda kilichotandikwa wiki nzima bila kuvurugwa, andika hicho. Kisha omba jambo moja. Halafu andika sentensi moja ya tumaini, hata kama ni nyembamba. Kama haiji, iache. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina mwisho mzuri, na bado imo ndani ya Biblia.

Jipe wiki mbili au tatu za jambo hili bila kujitafutia shughuli.

Angalizo moja, na ulichukulie kwa uzito. Ikiwa wiki zinapita hulali, huli, hupendezwi na chochote, au unaanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwapo, nenda kwa daktari, na umwambie mtu wa karibu leo hii. Hilo si upungufu wa imani. Eliya aliomba afe, akalala chini ya mti. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ainuke ale, akamwacha alale tena, akamgusa mara ya pili ale tena. Swali la Mungu, “Unafanya nini hapa, Eliya?”, lilikuja baadaye, mwili ukiwa umekwisha kutunzwa.

Hatua ya 2: Uliza imani uliyokuwa nayo ilikuwa ya nani

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo wengi tunapopakwepa.

Mzazi anayelea Kikristo hufanya mengi. Hupeleka watoto shule ya Jumapili, hukaririsha mistari, husali nao kabla ya kulala, huwaandaa kwa ubatizo au kipaimara, huketi kwenye kamati. Haya yote ni mema. Lakini ratiba ya imani ya watoto inaweza kukaa mahali pa imani ya mzazi kwa miaka mingi bila yeye kujua, kwa sababu kwa nje vinafanana. Watoto wanapoondoka wanaondoka na ratiba, na mtu anabaki ameshika funguo za jengo ambalo hajawahi kuishi ndani yake.

Ili ujue umesimama wapi, kaa chini ujibu maswali haya kwa maandishi. Mara ya mwisho kusoma Biblia pasipo kumwandalia mtu somo ilikuwa lini? Ni nani kanisani anayenifahamu kwa jina langu, si kama mama wa fulani au baba wa fulani? Nikiondoa watoto katika sala zangu, kinabaki nini? Je, kuna jambo ninaloliamini kwa sababu nimelijaribu, au yote nayaamini kwa sababu ilibidi niyafundishe?

Mimi swali la tatu lilinishinda. Nilipoondoa majina ya watoto, sala yangu ilibaki “Baba yetu” na “Amina”. Kwangu mwenyewe sikuwa na ombi hata moja. Niliona aibu, kisha nikaona afueni, kama mtu aliyesumbuliwa na maumivu kwa muda mrefu akaambiwa mwishowe yanatoka wapi.

Huenda majibu yako yataonyesha kwamba imani ilikufa zamani, au haikuwahi kuwapo, nawe ulikuwa unakwenda kanisani kwa ajili ya malezi tu. Usiogope kuliandika hilo. Ni afadhali uanze na ukweli mdogo kuliko desturi kubwa isiyo na mtu ndani.

Hatua ya 3: Twaa saa moja iliyokuwa yao

Angalia siku yako ya zamani. Kuna saa ambayo mwili wako bado unaamka kwa ajili ya watoto, ama alfajiri ya kuwaandaa shule ama ile saa ya jioni ya kusubiri mlango ufunguliwe. Saa hiyo ndiyo inayouma kuliko zote. Ichukue hiyohiyo uifanye ya sala, kwa kuwa tayari umeizoea na tayari ni tupu. Anza na dakika ishirini. Chagua kiti kimoja, na simu ibaki chumba kingine.

Cha kusoma kinategemea ulipo. Kama ndiyo kwanza unaanza, au unaanza upya kabisa, soma Injili ya Marko. Ina sura 16, hivyo sura moja kwa siku itakuchukua wiki mbili na siku mbili. Isome kwa sauti, kana kwamba hujawahi kuisikia, na usitafute somo la kumpa mtu. Tafuta swali moja tu: huyu Yesu ni nani, na ninamtaka?

Kama Injili umezizoea, soma Zaburi. Ziko 150. Ukisoma tano kwa siku utazimaliza kwa siku 30. Siku ya 24 utakutana na Zaburi ya 119 yenye aya 176, na hapo una ruhusa yangu kuigawanya. Uzuri wa Zaburi ni kwamba hazikuulizi leo unajisikiaje. Siku uliyoamka na furaha zinakulazimisha kulia na mtu mwingine, na siku ya kulia zinakuazima wimbo wa mwingine. Polepole unatoka ndani ya nyumba yako.

Baada ya kusoma, sema. Baada ya kusema, nyamaza dakika tano. Kunyamaza ni kugumu kuliko vyote viwili. Wiki za kwanza utasikia friji ikinguruma na moyo ukiuliza kama mtoto wa pili amelipa kodi. Rudi tu, bila kujigombeza.

Jioni kuna zoezi la kale linalofaa sana. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti katika karne ya 16, aliwafundisha wenzake kuipitia siku mbele za Mungu kwa hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuitazama kesho. Kwa dakika kumi inatosha. Mimi huliongezea lile swali aliloulizwa Eliya.

Hatua ya 4: Jifunze kumwombea mtoto aliye mbali

Hana, mama wa Samweli, alimwacha mwanawe hekaluni Shilo angali mdogo. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasema kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kuuona. Juzijuzi tu ndipo nilipojiuliza: alijuaje kipimo? Hakuwa naye. Ilimbidi akisie mtoto amekua kiasi gani tangu mwaka jana, aongeze upana wa mabega, ashushe pindo. Angeshona kwa kipimo cha siku alipomwacha, kanzu isingemwingia.

Sala zetu nyingi ni kanzu za kipimo cha zamani. Tunamwombea mtu mzima wa miaka ishirini na minne kama tulivyomwombea akiwa darasa la tano: asiugue, asikutane na marafiki wabaya, afaulu. Kumbe yeye ana hofu nyingine kabisa. Dawa yake ni rahisi. Muulize. Mara moja kwa wiki mpigie au mwandikie: “Wiki hii nikuombee nini?” Akijibu, ombea hilo, na usilifanye kuwa mjadala. Akisema hakuna, sema sawa. Wiki ijayo uliza tena. Ukipata jibu, usilipeleke kwenye kikundi cha maombi bila ruhusa yake. Siri iliyovuja kwa njia ya sala ni siri iliyovuja.

Tena usiigeuze sala kuwa kamba ya kumvutia nyumbani. Ujumbe wa mistari kila asubuhi, wenye kidole kilichofichwa ndani yake, watoto wanaujua. Wanaufuta bila kuusoma.

Sasa, vipi kama ameiacha imani? Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu hili ndilo linalowanyima wazazi usingizi. Jambo la kwanza ni kuitua methali. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wapo watakaokuchapa nayo. Ina ukweli wake, lakini haikuandikwa na malaika. Yule baba wa Luka 15 aliwalea wana wawili katika nyumba moja. Mmoja alikwenda nchi ya mbali, mwingine alibaki akanuna, na Yesu hakumlaumu baba kwa lolote kati ya hayo mawili.

Jambo la pili ni Monika, mama wa Agustino, yule mwalimu mkuu wa kanisa la kale. Mwanawe alipojiunga na Wamanikeo, kundi la dini lililofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana, alimwendea askofu mmoja akamsihi azungumze naye. Askofu alikataa. Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa katika mafundisho hayohayo akayaacha alipoyachunguza, na alijua kijana huyu bado hafundishiki. Alimwambia Monika amwache hapo alipo, amwombee tu. Monika hakuridhika, akaendelea kulia na kumsumbua, hadi askofu akamjibu kwa kuchoka kwamba haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee.

Mwaka 383 Agustino aliamua kuhamia Roma. Mama yake alimng’ang’ania pwani, naye akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu. Usiku ule Monika alikesha katika kanisa dogo la ukumbusho wa shahidi Sipriani, akimwomba Mungu mwanawe asisafiri. Asubuhi merikebu ilikuwa imeondoka. Lakini safari ileile aliyoombea isifanyike ndiyo iliyomfikisha Agustino Milano, kwa askofu Ambrosi, aliyembatiza Pasaka ya mwaka 387. Agustino mwenyewe alikuja kuandika kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba usiku ule ili ampe alichokuwa akiomba siku zote.

Sikusimulii haya ili nikuahidi mwisho kama huo. Sina mamlaka ya kuahidi. Ninachokuonyesha ni namna ya kuomba: shikilia ombi kubwa kwa nguvu, na maombi madogo, ya njia gani, mji gani, lini, uyashike kwa mkono uliofunguka.

Hatua ya 5: Mgeukie aliyebaki

Kama una mwenzi, huenda kwa miaka mlizungumza kuhusu watoto na mkadhani mnazungumza. Msianze na mambo makubwa. Usiku mmoja, mmoja wenu aseme sentensi moja ya sala kwa sauti, kisha mwingine, basi. Sentensi moja. Wanandoa wengi ambao wamekaa kanisani maisha yote hawajawahi kufanya hivyo wakiwa wawili tu, na mara ya kwanza mtaona haya kama wachumba. Kama mmoja haamini, asilazimishwe. Aulizwe tu siku yake ilikuwaje, na asikilizwe mpaka mwisho.

Kama uko peke yako, kwa ujane, kwa talaka, au kwa namna yoyote, hatua hii ni ya kutafuta watu wawili au watatu wa rika lako wa kukutana nao kila wiki kwa sala. Usisubiri ualikwe. Watu wanadhani ukimya wako ni kutotaka kusumbuliwa.

Hatua ya 6: Sasa tafuta cha kufanya, lakini kimoja tu

Hapa kila mhubiri atakutajia Ibrahimu aliyeondoka Harani akiwa na miaka 75, na Musa aliyesimama mbele ya Farao akiwa na miaka 80. Ni kweli, lakini mimi hunichosha kidogo, maana sijaitwa kuanzisha taifa. Napenda zaidi swali ambalo Mungu alimuuliza Musa kabla ya yote: “Ni kitu gani hicho mkononi mwako?” Ilikuwa fimbo, chombo cha kazi aliyoifanya kila siku.

Malezi yamekuachia nini mkononi? Andika orodha bila unyenyekevu wa uongo. Pengine unajua kukaa na mgonjwa usiku kucha. Pengine unajua kunyoosha bajeti ndogo, kusikiliza kijana bila kushtuka, kufundisha hesabu, kupatanisha wagomvi, kupika kwa watu wengi. Kisha uliza ni nani aliye karibu nawe anayehitaji hicho. Mahali orodha hizo mbili zinapokutana, anza hapo.

Dorkasi wa Yafa alikuwa na sindano. Matendo ya Mitume haitaji watoto wake wala mumewe. Inasema tu kwamba alipokufa wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Prisila na Akila walikuwa na ufundi wa mahema na nyumba yenye nafasi. Apolo, msemaji hodari aliyejua nusu ya habari, walimchukua kando wakamweleza vizuri zaidi. Kazi yao ilikuwa kumkaribisha mtu na kuzungumza naye, na kanisa likapata mwalimu.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kanisa lenyewe. Ikijulikana kwamba sasa una nafasi, utapewa uweka hazina, usafi, kwaya na kamati ya ujenzi ndani ya mwezi mmoja. Mimi nilikubali vyote, na kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimechoka kuliko nilipokuwa na watoto wadogo, na saa yangu ya asubuhi ilikuwa imeliwa. Jifunze jibu hili: “Niache niombe, nitakujibu baada ya wiki mbili.” Kisha kubali jambo moja, kwa miezi mitatu, halafu utathmini.

Mtego wa pili ni kugeuza watoto wa wengine kuwa wako. Tito anaagizwa kwamba wanawake wazee wawafundishe wanawake vijana, na wazazi vijana kweli wanahitaji mtu mzima wa kuwaambia kwamba hata wao watalala siku moja. Lakini ukijikuta unaumia kwa sababu kijana wa kanisani hakukupigia simu, rudi hatua ya 1. Bado kuna kilio hakijaisha.

Hatua ya 7: Watakaporudi likizo

Watarudi, na nyumba itajaa, na utashawishika kuvunja kila kitu na kuwa mhudumu wao tena. Usiivunje ile saa ya asubuhi. Waambie kwa urahisi tu: saa fulani mimi nipo na Mungu, kuanzia saa fulani nipo nanyi. Watashangaa siku ya kwanza, ya pili watakuwa wamezoea.

Binti yangu alipokuja mara ya mwisho aliamka mapema kuliko kawaida yake, akanikuta kwenye kiti. Alisimama mlangoni mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ninayomuulizia yeye kwenye simu, “Mama, na wewe wiki hii nikuombee nini?”

Nikamwambia: goti langu la kushoto, baba yako na mimi, na Zaburi ya 88, maana mpaka leo inanishinda.